Vidole Kumi vya Saadiya

Mtaa wa Msimbazi,
Dar es Salaam,
6 Machi 1938

Binti yangu Azza,

Salaamu nitazitoa, usinione nimekosa adabu, lakini leo naanza na lililonikaa kooni. Kuna jambo la mama yako nimelificha miaka kumi na mitatu. Yeye alilijua, mimi nililijua, na mjomba wako Suud, Mungu amrehemu, alilijua nusu. Wewe hukuambiwa. Nataka nikuambie kwa mdomo, si kwa kalamu, na ndiyo maana nakuomba uje.

Sasa nakusalimu. Hali yangu ni njema. Kikohozi kipo, lakini ni kile cha kila mwaka mawingu yanapoanza kukusanyika, hakina maana. Duka linafunguliwa asubuhi kama kawaida. Jirani yetu Celina, mke wa Onesphory yule auzaye viazi na maharage ya Kilimanjaro, ananiletea uji na kunigombeza nisipoumaliza. Ananiita mwalimu mtoro. Kaburi la mama yako limefyekwa vizuri, mti wa mwasumini ulioupanda umeshika. Msalimie Muhiddin mumeo, na mama mkwe wako pia.

Habari ya safari ni hii. Tangu ulipoolewa Unguja umekuwa mtu wa huko, na kila mgeni asiye mwenyeji wa bara hii anayetaka kuhamia huku huomba kibali kwanza, akachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Unaijua kazi hiyo. Ndiyo niliyoifanya hapa, ukalimani na vidole, mpaka macho yaliponikataa. Haiumi. Nenda na Muhiddin mkatoe alama huko huko, karatasi zije huku, mpate vibali, mpande meli. Nyumba hii na duka hili ni vyenu. Mimi nimechoka kubishana na watu juu ya bei ya iliki.

Usichelewe. Sisemi hivyo kwa sababu yoyote. Nasema tu.

Baba yako,
Hamud bin Seifu


Malindi, Unguja,
30 Machi 1938

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naishika miguu yako yote miwili. Celina mwambie asikuhurumie, azidi kukugombeza, na akichoka aniandikie nimletee maneno mapya.

Sisi hapa wazima, isipokuwa mama mkwe ameng'olewa jino, na kwa kelele zake ni kama tumeng'olewa nyumba nzima. Muhiddin anakusalimu sana. Amenenepa, shati zake zote za arusi nimezigeuza foronya.

Baba, tulikwenda. Nakueleza kila kitu ili usisikie kwa wengine. Ofisi ilijaa watu, wengi wao Washihiri wa kuuza kahawa. Muhiddin alitangulia mezani, akarudi ameinyoosha mikono mbele yake kama kaa. "Serikali imechukua kumi," akasema, "ulimi wameniachia." Watu wakacheka. Kisha nikaitwa mimi.

Karani alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake. Akanyoosha mkono juu ya meza.

"Mkono wa kulia, bibi. Legeza."

"Mimi sitoi mkono," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Mimi ni binti Saadiya wa Msimbazi."

"Ndiye nani huyo?"

Nilistaajabu, Baba, kwamba yupo karani wa vidole asiyemjua. Basi nikamsimulia pale pale, na foleni nzima ikisikiliza: jinsi mama yangu, mjane, mgeni, alivyoingia katika ofisi ya Dar es Salaam akakunja mikono ndani ya buibui, akasema mkono wake hautashikwa na mwanamume asiye wake, na jinsi yule Mzungu alivyoinuka kitini mwenyewe akasema bibi huyu apite. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Hadithi nzuri, bibi. Mkono wa kulia."

Nikatoka. Muhiddin hakunilaumu. Alicheka mpaka tukafika Forodhani.

Sasa nakuuliza. Wewe ulikuwa katika ofisi ile, wewe ndiwe shahidi. Kila Mjomba Suud alipoisimulia habari hii barazani alikugeukia wewe, nawe ukaitikia, "Ndivyo." Nimekua nikilisikia neno lako hilo. Unawezaje leo kuniambia nenda katoe? Mama hakuniachia dhahabu, aliniachia hilo.

Nilikuwa mdogo, lakini mengi nayakumbuka. Nakumbuka siku chache kabla ya ndoa yenu alivyorudi nyumbani na piko ya maarusi kwenye ncha za vidole, nyeusi ti, na jirani yetu Bi Zamda anamfuata nyuma kwa vigelegele mpaka mlangoni. Nilimlilia anipake na mimi. Akasema haya ni ya wakubwa. Mpaka leo nikipakwa piko namwona yeye.

Na hilo jambo ulilolificha ni lipi? Usiniweke roho juu.

Binti yako,
Azza


Mtaa wa Msimbazi,
27 Aprili 1938

Binti yangu Azza,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Bonde la Jangwani ni ziwa, watu wanavuka wamebeba viatu kichwani, na hata aliyeahidi kunipelekea barua posta alirudi nayo imelowa, nikaiandika upya. Pole kwa jino la mama mkwe.

Celina ameniamuru nikuandikie kwamba nakula. Amesimama hapa na bakuli. Nimemwambia barua ya baba na bintiye haisimamiwi, akasema, "Mwalimu, wewe umesimamia watoto wa watu miaka mingapi? Leo zamu yako." Basi nakuandikia: nakula. Ameondoka.

Umeniuliza ninawezaje kukuambia nenda katoe. Nitakujibu kwa kukueleza kazi yenyewe, kwa kuwa sidhani niliwahi kukueleza. Nyumbani mlinyamaza nilipotoka kazini, kama watu wanavyonyamaza mbele ya mtu anayeosha maiti.

Nilipoianza niliichukia. Wazungu waliposhuka melini walitia saini wakapita. Sisi wengine tulishikwa vidole, sheikh na mchukuzi sawasawa, kama kwamba maneno yetu hayatoshi. Hilo sikuliona zuri siku ile, wala leo silioni zuri. Lakini kazi ilikuwa na upande mwingine ambao Serikali haikuuona, nami niliuona kwa sababu ndimi niliyekuwa nimeinama.

Unatandaza wino juu ya kioo kwa kigurudumu cha mpira mpaka uwe mwembamba kama kivuli. Unashika kidole cha mtu, unakilaza ubavu, unakizungusha mara moja tu bila kukikandamiza, kwanza kwenye kioo, kisha kwenye karatasi. Mtu hujaribu kukusaidia. Huo ndio ubaya wake, akisaidia anaharibu. Kwa hiyo maneno yangu kwa kila mtu yalikuwa haya: "Legeza mkono, usinisaidie." Kisha unainua kidole, na pale chini imebaki kazi ya Muumba ambayo mwenye kidole mwenyewe hajaitazama maishani mwake. Nilishika vidole vya wachoma mikate vilivyoungua, vya washonaji vilivyochomwa na sindano, vya mabibi arusi, vya wazee waliosahau umri wao. Mapacha kutoka Shihiri walikuja wamevaa sawa, wakisema sawa, hata wakikohoa sawa. Vidole vyao havikufanana. Jioni nilikuwa napita Mnazi Mmoja kurudi nyumbani, nikiangalia umati unaopita, nikiwaza kwamba kila mkono unaoning'inia pale una maandishi yake ambayo hayakuandikwa mara ya pili. Sijui kama kuna mwalimu aliyepewa kitabu kikubwa kuliko hicho.

Wanawake niliwashika kupitia kitambaa cha bafta. Desturi hiyo niliianzisha mwenyewe, si amri ya mtu. Wapo waliolia, wapo waliogeuza uso ukutani. Lakini Azza, nisikilize. Sikumwona hata mmoja aliyetoka pale amepungua.

Mama yako asingekuona umepungua. Usiniulize nimejuaje.

Baba yako,
Hamud

Kalamu hii ni mbovu, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka.


Malindi, Unguja,
21 Mei 1938

Baba,

Shikamoo. Tumesoma Maulidi salama, na dua zetu tumekuombea. Mama mkwe amepona, sasa anatutafuna kwa meno yaliyobaki.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Muhiddin naye ameisoma. Akaenda akakitazama kidole gumba chake dirishani, kwenye mwanga. Ni barua nzuri. Lakini hukunijibu. Nilikuuliza habari ya mama, wewe ukaniandikia habari ya wino. Tena kalamu si mbovu. Mimi ulinifundisha kuandika wewe, naijua kalamu mbovu na naujua mkono mgonjwa. Unaumwa nini?

Kibali cha Muhiddin kimekuja. Kimeandikwa kwamba asipokitumia kabla ya mwisho wa Julai kitakufa. Changu hakipo, kwa kuwa vidole vyangu havipo. Yule karani amemwambia Muhiddin kwamba mlango hajaufunga, nikirudi hatanikumbusha yaliyopita. Amesema pia kwamba hadithi yangu ameisimulia kwake nyumbani na mkewe ameipenda.

Siwezi kurudi, Baba. Usiku wa Maulidi wanawake walinizunguka wakaniomba habari ya mama. Nikawasimulia. Kulikuwa na wasichana watatu wanaoolewa mwaka huu, mmoja akanibusu mkono na kusema, "Mkono huu haujashikwa." Sasa niende nikaupake wino mbele ya watu wale wale? Watasema mama alikuwa simba na mimi ni paka.

Nimemwambia Muhiddin aje peke yake akuuguze. Hataki. Anasema wewe humtaki yeye, unanitaka mimi, naye hajui kupika uji.

Kama unalo neno la kunifungua, liseme. Kama huna, niache nibaki na mama yangu kama nilivyomjua.

Azza


Malindi, Unguja,
19 Juni 1938

Baba,

Shikamoo. Barua yangu ya Mei hukuijibu. Nilidhani umeudhika nami. Jana Onesphory alishuka hapa kwa shughuli zake za viazi, akatafuta nyumba yetu kwa kuuliza mlango kwa mlango. Hakutaka kukaa. Alisimama ukumbini ameshika kofia, akasema, "Dada, mzee haendi dukani tena. Duka analifungua mke wangu. Mimi nimetumwa na Celina, mzee hajui."

Kwa nini hukusema?

Nakuja nikuone, au sitakuja, mwenye kujua ni wewe. Jambo lile la mama liandike. Usingoje kuniambia kwa mdomo. Liandike sasa.

Binti yako,
Azza


Mtaa wa Msimbazi,
2 Julai 1938

Binti yangu Azza,

Marahaba kwa shikamoo zote ambazo sikuziitikia. Onesphory amekuambia kweli. Miguu imejaa maji na kifua hakinipi nafasi. Kaburi la mama yako alilifyeka yeye, si mimi. Tangu Januari sijavuka mlango wa duka. Naandika mistari michache, nalala, nakalishwa tena, kwa hiyo usishangae ukiona wino umebadilika rangi katikati ya neno.

Mama yako alitoa vidole vyake. Vyote kumi. Aliyevishika ni mimi.

Ilikuwa mwaka 1925, siku hizo alama zilichukuliwa huku huku baada ya kushuka melini. Alikuja kutoka Unguja na wewe mkononi, kukaa kwa kaka yake. Suud alimfikisha mpaka mlango wa ofisi, akabaki nje, akatazama bahari, ili baadaye aweze kuapa kwamba hakuona kitu. Ndani alikuwamo Bwana mkubwa, yule Mzungu, upande wa pili, uso umezama katika gazeti, na mimi mezani. Nikaweka kitambaa changu kati ya mkono wangu na wake. Kikateleza. Nikajaribu tena, kikateleza.

Akasema, "Bwana karani, kiondoe hicho. Mungu anaona kwamba hatuchezi."

Nikakiondoa. Nikamwambia maneno yangu ya kila siku, "Legeza mkono, bibi, usinisaidie," nikakishika kidole gumba. Kisha nikamsikia anasema taratibu ndani ya buibui, "Wangu umelegea. Anayetetemeka ni wewe."

Ilikuwa kweli. Mtu mzima, niliyekwisha kuzika mke, niliyefundisha hesabu tangu zama za Mjerumani, mkono wangu ulikuwa unacheza kama wa mwizi. Akaweka mkono wake wa pili juu ya kifundo cha mkono wangu, akanituliza kama mtu anavyomtuliza mbuzi, tukaendelea.

Tulipomaliza hakugeuza uso. Wote walikuwa wakiipa mgongo karatasi ile upesi, yeye akaiinamia. Akazitazama alama zake moja baada ya nyingine, ananuka ubani na mafuta ya taa ya kutolea wino. Akasema, "Kumbe ndivyo nilivyo? Kama maji yaliyoangukiwa na jiwe." Akacheka. Azza, katika miaka yote ile sikuona mtu mwingine aliyefanywa jambo lile akalipokea kama zawadi. Serikali ilitaka kumjua ili imhesabu, na yeye akaitumia Serikali kujitazama.

Aliambiwa karatasi imeharibika, arudi kesho yake alama zichukuliwe upya. Akarudi, tukazichukua. Siku hiyo ya pili wino ulikaa juu ya mabaki ya ule wa kwanza, na mafuta ya taa hayakuutoa. Akaondoka na ncha za vidole zote nyeusi. Alipofika kwenye bomba la maji la mtaani kwetu, buibui likamponyoka, akalidaka. Bi Zamda alikuwa pale na ndoo yake.

"Mwenzangu!" akasema Zamda. "Piko hiyo?"

Mama yako akavitazama vidole vyake.

"Eda imekwisha, mtu anaolewa, na sisi majirani hatuambiwi! Nani bwana?"

"Mtamwona," akasema mama yako.

Basi vikalia vigelegele kutoka bombani mpaka mlangoni kwenu. Hivyo ndivyo ulivyovisikia wewe, mwanangu, na piko uliyoililia haikuwa piko. Ilikuwa wino wangu. Kufika alasiri mtaa wote unajua kwamba mjane wa Unguja anaolewa, ila hapana anayejua na nani, wala Suud, wala mwenye kuolewa.

Siku iliyofuata alikuja kuchukua kibali chake. Akakaa mbele ya meza yangu, akaweka mikono juu, vidole vimefunuliwa, hajali. Akasema, "Bwana Hamud, majirani wameona vidole vyangu. Nikisema ni wino, wataniuliza nani aliyenishika. Nikisema ni piko, wataniuliza nani anayenioa. Maswali mawili, jibu moja. Basi jibu wewe."

Bwana mkubwa akainua macho kwenye gazeti lake, akauliza bibi huyu anataka nini. Mimi mkalimani wake nikamwambia kwamba anashukuru. Jioni ile nilikuwa barazani kwa Suud naposa.

Hadithi ya kukataa ilitoka kwa Suud baada ya arusi. Watu walimuuliza ilikuwaje dada yake akapita ofisini, akaona haya, akaitunga palepale. Mzungu anainuka kitini! Yule hakuwahi kuinuka hata moto ulipowaka jikoni. Kisha akanigeukia, "Si ndivyo, Hamud?" Nikasema, "Ndivyo." Nilidhani namsitiri mama yako. Nilikuwa najisitiri mwenyewe, kwa kuwa mwalimu mzima kushika mkono wa mwanamke kabla ya kumwoa hakukunipendeza masikioni mwa watu.

Mama yako aliposikia alikasirika kwa namna ambayo sikupata kuiona tena. "Pale mezani sikuona aibu," akasema. "Aibu mmeishona ninyi wanaume barazani, na sasa mnataka niivae kwa sifa." Alitaka atoke akaseme. Nilimsihi asitoke. Akaninyamazia, na mwanamke kama yule kunyamaza ni mzigo, nami nilimtwisha mpaka mwisho wake. Siku zake za mwisho wewe ulikuwa unachemsha maji uani, akaniambia, "Azza akiolewa, mwambie. Asikae na mwanamke aliyetungwa na Suud akadhani ni mama yake." Uliolewa. Sikukuambia. Kila niliposhika kalamu nilikuona unavyolisikiliza lile neno "Ndivyo," na uso wako unavyong'aa.

Basi nimeanza kulipa. Ijumaa iliyopita nilimwita Bi Zamda, Celina akiwapo, nikamweleza yote.

"Wino?" akasema.

"Wino."

"Wa Serikali?"

"Wa Serikali."

"Mimi nikapasua koo langu, mtoto wa watu, kuupigia vigelegele wino wa Serikali!"

Akacheka mpaka akalala mkekani, na Celina akalazimika kumpepea. Alipoinuka hakuwa anacheka tena. "Alinijibu pale bombani hakupepesa jicho," akasema. "Mimi ningeangusha ndoo." Kisha akafunga kanga yake akatoka, nami najua alikotoka kwenda. Barua hii itakapokufikia Msimbazi nzima imekwisha kujua, na Unguja haiko mbali. Huna cha kumfichia mtu yeyote.

Wale wasichana watatu wa Maulidi waambie hivi. Saadiya alitoa mkono wake kwa sababu alikuwa na mtoto wa kumlea na nyumba ya kuingia, akautoa bila kulia, akautuliza na wa aliyeushika, na alipoondoka alikuwa yule yule. Mimi niliishi naye miaka tisa nikijaribu kumfikia, sikumfikia. Simba wa Suud alikuwa wa maneno. Huyu nilimwona.

Sikulazimishi. Ukitaka kukataa, kataa kwa jina lako mwenyewe, wala usimtaje yeye. Ukitaka kutoa, na karani akileta kitambaa, mwambie akiondoe, kinateleza. Julai ina siku zake bado. Nami najitahidi, nakula uji wote, muulize Celina.

Limebaki moja. Hili sikumwambia Zamda juzi, sikumwambia Suud, sikumwambia Bwana mkubwa, na ajabu kuliko yote, mama yako mwenyewe nilimwacha afe bila kulijua, ingawa wakati mwingine alinitazama kama anayelijua. Karatasi ile ya siku ya kwanza haikuharibika. Alama zote kumi zilitoka safi, kwa kuwa yeye alikuwa amenishika kifundo. Safi kuliko zote nilizopata kuchukua kabla yake na baada yake. Nilisema imeharibika kwa sababu nilitaka arudi kesho.